Si Kila Kimeo ni Feki

Msyuu! Niacheni nisonye, wadogo zangu, maana neno hili mnalitupa ovyo mno. Feki. Tangu kahawa ya asubuhi mpaka jua linazama, hapa kijiweni ni feki tu. Bodaboda katembelea breki shuu moja mpaka imeisha, ikimtelezea kwenye mataa anasema kauziwa spea feki. Chaja imekufa baada ya mtoto kuivuta kwa waya wiki nzima: chaja feki. Mahindi yamekauka kwa kukosa mvua: mbegu feki. Timu imefungwa, refa feki. Mchumba kaolewa kwingine, mapenzi feki. Chochote kisichotupendeza tumeshakipatia jina.

Najua mtaniambia, "Mzee, hilo neno tu, tuachie tupoe." Siwaachii. Kuna maneno ya kupoozea soga na kuna maneno ya kushitakia mtu, na feki ni la kushitakia. Ukisimama mbele ya duka la mtu ukapaza sauti kwamba anauza feki, umemwita tapeli, na kutoka tapeli hadi mwizi ni hatua moja. Na sisi wa mtaani tunajua neno mwizi likishapigiwa kelele linaishia wapi. Mtu amesimamisha kibanda kwa mkopo wa kikundi, anauza earphone za shilingi 3,000, anasema wazi kuwa ni za shilingi 3,000, wewe umeivunja ya kwako kwenye mfuko wa jinzi, halafu unamkusanyia watu. Hiyo ni dhuluma, hata kama umeifanya kwa neno moja.

Kwa hiyo leo tulishike neno lenyewe tulitazame vizuri. Mwalimu, wewe umefundisha Kiingereza miaka mingi, nisahihishe nikiteleza.

Feki ni kivumishi cha Kiingereza, fake, tukakitia irabu mwishoni kama tulivyofanya kwa benki na bili, kikawa cha kwetu. Lakini hata kwa Waingereza hakikuanzia kwa watu wa heshima. Kilitoka midomoni mwa wezi wa London, mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1812 mfungwa mmoja jina lake James Hardy Vaux, Mwingereza aliyehukumiwa na kupelekwa Australia, alikusanya orodha ya maneno ya wezi wenzake, na orodha hiyo ikachapishwa mwaka 1819 pamoja na kumbukumbu za maisha yake. Alipolifikia neno hili alieleza kuwa matumizi yake ni mengi hata haliwezi kuelezwa ila kwa mifano. "Kumfeki" mtu kunaweza kuwa kumwibia. Kunaweza kuwa kumjeruhi. Kukizidi, ni kumuua. Wakati huo wezi walilitumia kama kitenzi: jambo ambalo mtu anamfanyia mtu.

Hapo ndipo ninapotaka mkae. Tangu lilipozaliwa, neno hili lina watu wawili ndani yake, anayetenda na anayetendwa. Limekuwa kivumishi, limevuka bahari, limefika Kariakoo, na bado wale watu wawili wamo. Ukisema simu feki, umesema kuna mtu aliyekaa akaitengeneza au akaiuza ili wewe uamini ni kitu kingine. Hakuna feki ya bahati mbaya. Mvua haitengenezi feki, wala uzee, wala uzembe wa fundi. Feki inahitaji mwongo.

"Sasa kitu kibovu tukiiteje?" akauliza kijana wa bodaboda.

Kiite kibovu! Kiite kimeo, neno lako mwenyewe la mtaani, tamu na linaeleweka. Mwalimu akaingilia kwa upole wake, akasema vivumishi vingi havigusi uhai wa nomino. Gari bovu ni gari. Gari kuukuu ni gari. Mkweche unaosukumwa kila asubuhi bado ni gari, na kadi yake ipo. Lakini feki ikikaa pembeni ya nomino inaing'oa. Daktari mbaya ni daktari, atashitakiwa kwenye baraza la taaluma yake. Daktari feki si daktari kabisa, ni mtu aliyevaa koti jeupe. Askari mkali ni askari. Askari feki ni raia mwenye sare isiyo yake.

Akatoa mfano wa noti, na mimi nikaona umemaliza kila kitu. Chukua noti ya shilingi 10,000 iliyopita kwa wauza samaki mia, imelainika, imechanika pembeni na kubandikwa gundi ya karatasi. Ni chakavu, lakini ni pesa, na benki watakubadilishia. Chukua nyingine inang'aa, imenyooka, inanukia wino, ila imechapwa chumbani kwa mtu. Ukiifikisha dirishani inachukuliwa, hupewi hata senti tano mbadala wake, na maswali utayajibu. Ile mbovu ni ya kweli, na ile nzuri ni feki. Basi mnaona kwamba ubora una mzani wake na ukweli una mzani wake. Kitu kinaweza kuwa imara kikawa feki, na kinaweza kuwa dhaifu kikawa halali kabisa.

Hili somo taifa zima tulishafundishwa, tena kwa vitendo, ila tumesahau haraka. Mnakumbuka Juni 2016? Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, walitangaza kwamba usiku wa tarehe 16 simu zote zenye namba za utambulisho za uongo zitazimwa. Mji mzima ukawa unabonyeza *#06#, unasoma zile tarakimu 15 za IMEI, unazituma kwenda 15090, unasubiri ujumbe ukwambie simu yako ni nini hasa. Kenya walikuwa wameshapita njia hiyo mwishoni mwa Septemba 2012.

Nani alipona na nani alizimiwa? Kitochi cha bibi kule kijijini, cha vitufe vilivyofutika, kilicholala kwenye mkoba na tumbaku, kiliamka asubuhi kinalia kama kawaida. Simu za Tecno na Itel, ambazo mtaa ulizoea kuziita feki eti kwa sababu ni za bei nafuu na zinatoka China, zenye namba halali zikaendelea kupiga. Tecno halisi ni Tecno halisi, haijamwambia mtu kuwa ni kitu kingine. Zilizozimika ni zile zilizobeba namba za kubuni au za kunakiliwa, na nyingi kati yake zilikuwa zimeandikwa mgongoni majina makubwa ya kampuni ambazo hazikuwahi kuzigusa. Mtambo haukuuliza simu imetengenezwa wapi wala imeuzwa bei gani. Uliuliza kama kitambulisho chake ni cha kweli. Ule mtambo ulijua maana ya feki kuliko sisi.

Fundi simu, ambaye muda wote alikuwa kainamia bodi yenye nyaya, akainua kichwa. "Mzee, nakuelewa," akasema, "lakini kwa mteja aliyepoteza hela yake, feki au kimeo, maumivu ni yale yale."

Maumivu ni yale yale, fundi wangu, nakubali. Dawa yake ndiyo tofauti. Simu ya kweli iliyo kimeo ina mwenyewe. Ina waranti, ina wakala, ina kampuni inayoweza kuulizwa kwa nini chaji haidumu, na kelele za wateja zikizidi kampuni itaona aibu itengeneze. Simu feki haina mwenyewe. Jina lililoandikwa juu yake ni la mtu asiyehusika. Ukienda kwa wakala mwenye jina hilo atakuonyesha mlango, na ana haki, kwa sababu na yeye ameibiwa jina lake. Unapochanganya hivi viwili unampelekea lawama asiyestahili, na yule mwongo anabaki nyuma ya kaunta anahesabu noti.

Serikali yenyewe imeligawa jambo hili kwa ofisi. Shirika la Viwango, TBS, linauliza: kitu hiki kinafaa? Waya huu una shaba ya kutosha, nondo hii ina unene unaotakiwa? Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inauliza: alama hii ni yako? Wale FCC ndio mnaowaona kwenye taarifa ya habari wanateketeza mzigo wa bidhaa bandia. Mtu anaweza kutengeneza kitu kinachofaa kabisa akakipachika jina la mwenzake, akakamatwa. Mwingine akatengeneza kitu cha ovyo kwa jina lake mwenyewe, akakamatwa na ofisi nyingine kwa kosa lingine. Wewe ukifika na malalamiko yako umeandika "feki" tu bila kueleza, hata karani hajui akupeleke mlango gani.

Sasa niwapeleke pale ambapo neno hili linashika roho za watu. Dawa.

Mama anapewa dawa mseto ya malaria zahanati. Safari iliyopita boksi lilikuwa la rangi moja, safari hii ni la rangi nyingine na jina la kiwanda si lile. Anafika nyumbani, jirani anatazama boksi, anasonya: "Hii feki, ya India hii." Dozi inaishia katikati, na mtoto aliyekuwa anaelekea kupona anarudi kitandani. Jirani hakuwa na ubaya, alikuwa na kivumishi kisichokuwa mahali pake.

Dawa zile ni za jenereki. Kiini kinachotibu ni kile kile, kimetengenezwa na kiwanda kingine baada ya haki ya mgunduzi kwisha au kwa ruhusa, na kiwanda hicho kinaweka jina lake chenyewe kwenye boksi. Mamlaka ya dawa inaikagua na kuisajili, na bei inashuka mpaka mtu wa kawaida anaifikia. Haijaficha chochote. Imetaja ni nini, imetaja nani kaitengeneza na wapi. Hapo mwongo yuko wapi?

Msidhani ni sisi wa vijiweni tu tunaochanganya. Kenya walipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi mwaka 2008, na katika kifungu cha 2, kile cha kueleza maana ya maneno, wakaandika tafsiri pana mno ya bidhaa ya kughushi. Mwaka 2009 Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Hoja yao ilikuwa moja: tafsiri hii ikisomwa ilivyo, dawa za jenereki zinazotuweka hai zinaweza kukamatwa bandarini kwa jina la ghushi. Hawakuwa wanatetea matapeli. Walikuwa wanaomba serikali itofautishe kati ya mtu anayekudanganya na mtu anayekuuzia kwa bei nafuu.

Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu. Akakubaliana nao kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vya sheria ile, kwa jinsi vilivyogusa upatikanaji wa dawa nafuu, vilitishia haki ya uhai, ya utu na ya afya zilizomo kwenye Katiba. Fikirini, ndugu zangu. Watu watatu wagonjwa walisimama mahakamani kupigania maana ya kivumishi kimoja, kwa sababu kikikaa vibaya wanakufa. Halafu wewe hapa kwenye benchi unakigawa bure kama njugu.

Hata Shirika la Afya Duniani lilitaabika na jambo hili miaka na miaka, kwa sababu neno la kughushi lilikuwa limechanganya hifadhi ya alama za biashara na usalama wa mgonjwa. Mwaka 2017 wakayatenga. Zipo dawa duni, ambazo zimetoka kiwanda halali kilichosajiliwa lakini zimeshindwa viwango, pengine kwa kutengenezwa vibaya, pengine kwa kuhifadhiwa kwenye joto. Na zipo za kughushi, ambazo mtu amedanganya kwa makusudi zilivyo, zimechanganywa nini au zimetoka wapi. Mwaka huo huo wakakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 katika kila 10 iko kwenye mojawapo ya makundi hayo. Zote zinaua. Lakini moja inahitaji mkaguzi wa kiwanda na mtu wa stoo mwenye kipimajoto, na nyingine inahitaji polisi. Ukituma polisi kwenye stoo yenye joto, watamkamata mfamasia na joto litabaki.

"Haya, na vyeti?" Mwalimu akauliza, na benchi zima likacheka, kwa sababu kila mtu hapa ana shemeji au jirani aliyepitiwa na lile fagio.

Vyeti ndipo neno lilipotumika kwa haki, na ndipo pia lilipozidi mpaka. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, na akaagiza waondolewe kazini. Hapo feki ni feki. Cheti kinadai baraza la mitihani limempa mtu daraja fulani, baraza linasema halijampa. Kuna dai, kuna uongo, kuna aliyeutunga.

Lakini taarifa ile ile haikuwaweka watu wote kapu moja. Iliwataja mbali wale ambao cheti kimoja kilikutwa kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, ambapo mmoja wao anaweza kuwa ndiye mwenyewe halali aliyeibiwa jina. Iliwataja mbali wale ambao vyeti vyao havikutimia. Ofisi ilitenganisha, mtaa ukachanganya. Aliyeambiwa alete cheti cha kidato cha nne kilichopungua kwenye faili akaitwa "wa vyeti feki" sawa na aliyekichonga cheti kwa kompyuta. Wapo waliokata rufaa na vyeti vyao vikaonekana halali. Barua ya rufaa ikafika ofisini, haikufika kijiweni.

Na tuwe waangalifu hata kwa wale walioghushi kweli. Mei Mosi ya mwaka 2022 Rais Samia alitangaza kwamba warejeshewe michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Wapo waliokasirika: mtu feki arudishiwe hela? Lakini hiyo hela ilikuwa imekatwa kwenye mishahara ya siku walizofanya kazi. Cheti kilikuwa cha uongo, jasho lilikuwa la kweli. Neno feki lilistahili kukaa kwenye cheti, halikuwa na haki ya kutambaa mpaka limfunike mtu mzima na miaka yake yote.

Na hapo hapo tazameni jinsi Kiswahili cha mtaani kilivyo na akili tusipokinyonga. Mwaka mmoja kabla ya vyeti, 2016, tulikuwa na watumishi hewa. Hatukuwaita watumishi feki. Mwenye cheti feki yupo, anaamka, anapanda daladala, ila karatasi yake inadanganya. Mtumishi hewa karatasi yake imekaa sawa, mshahara unatoka, ila mtu hayupo. Hakuna profesa aliyetukalisha chini kutufundisha tofauti hiyo. Wenyewe tuliiona, tukaipatia neno. Ndivyo tulivyo tukitulia.

Tuna kishoka, yule anayekuunganishia umeme bila kuwa mtu wa shirika. Tuna kanjanja, anayejipachika kazi asiyoijua. Tuna uchwara, kwa kitu au mtu wa kiwango cha chini anayejikweza. Tuna kopi, kwa kitu kilichoigwa, na muuzaji mkweli wa Kariakoo anakwambia mwenyewe, "Kaka, hii ni kopi, orijino iko kule, bei yake unaijua." Huyo kakupa taarifa yako kamili. Mwenye alama iliyoigwa ana kesi naye, na sheria iko upande wake. Lakini wewe mnunuzi huwezi kurudi kesho ukasema umedanganywa, maana ulimsikia na ukachagua. Kila neno hapo lina kazi yake, na feki moja ikiyala yote tunabaki hatuwezi kuelezana tumefanyiwa nini.

Neno linaloniuma zaidi ni bandia. Juzi nimesikia mtoto mkubwa kabisa anamwambia jamaa mwenye mguu wa kutengenezwa kwamba ana "mguu feki". Msyuu! Mguu ule ni bandia. Umewekwa palipokosekana mguu ili mtu asimame, apande ngazi, aende kazini kwake. Haumdanganyi mtu yeyote, na mwenyewe hajifichi. Waingereza wenyewe ambao neno tumelitoa kwao mguu wa namna hiyo huuita artificial, maana yake umetengenezwa na mkono wa binadamu, na wanayo sababu. Meno bandia yanatafuna nyama kweli. Nywele bandia za dada yetu kila mtu anajua zimetoka dukani, na yeye ndiye wa kwanza kukutajia duka. Bandia ni neno la kuziba pengo, feki ni neno la kudanganya. Bandia tunaitumia pia kwa bidhaa za utapeli, kweli, na ndiyo sababu tunapaswa kuangalia zaidi linapougusa mwili wa mtu. Mwenye mguu bandia hana kosa la kujibu.

Hata habari. Tangu mwaka 2017, ambapo kamusi ya Collins iliichagua habari feki kuwa neno la mwaka kwa Kiingereza, kila taarifa tusiyoipenda inapewa jina hilo. Mwandishi kakosea tarehe, kesho yake kasahihisha: feki. Chama changu kimeshindwa uchaguzi na redio imetangaza: feki. Lakini someni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kinamlenga mtu anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, tena kwa nia ya kudhuru au kudanganya. Kujua na kukusudia. Mnaona tunarudi kwa yule yule mwongo? Aliyekosea amekosea. Aliyetunga ametunga.

"Lakini lugha ni ya watu," akasema kijana wa bodaboda, "na watu tumeamua feki ni kitu kibovu."

Umesema vizuri, mdogo wangu, na sikatai kwamba neno linaweza kuhama. Ila jiulize likihama linamwachia nani nafasi. Siku feki itakapokuwa na maana ya kitu kisichodumu tu, muuza mbegu aliyepaka rangi mahindi ya kula akayafunga kwenye paketi yenye jina la kampuni atasema, "Aa, ni feki kidogo tu, kama vitu vyote siku hizi." Amesimama pamoja na muuza jembe la mpini dhaifu, wote wanaitwa jina moja, na jina limeshakuwa jepesi. Mkulima wa Mbozi aliyepoteza msimu mzima hana tena neno zito la kumshika naye. Tunapolitumia kwa kila kitu tunalinyang'anya meno, na wanaofaidi ni wale wale tuliodhani tunawasema.

Kwa hiyo kabla ya kulitamka, uliza maswali mawili. Kitu hiki kilidai kuwa nini? Na nani aliyesema uongo? Ukipata majibu, sema feki kwa sauti kubwa, na usiishie kusema. Dawa ipeleke kwa mamlaka ya dawa, TMDA, mbegu kwa taasisi ya kuthibitisha mbegu, TOSCI, bidhaa yenye jina la wizi FCC. Usipopata majibu, una kimeo mkononi, au una kitu cha bei nafuu kilichofanya kazi ya bei nafuu, au umekitumia vibaya mwenyewe. Hayo nayo yana majina.

Na kwa kuwa feki ni uongo juu ya dai, basi lishike dai lenyewe mkononi. Ukinunua, dai risiti, na usikubali iandikwe "spea" au "simu" tu. Iandikwe jina la bidhaa, aina yake, na namba yake kama ipo. Boksi na lebo usitupe siku ya kwanza. Muuzaji mkweli ataandika bila kusita, kwa sababu ndicho alichokuuzia. Akianza kukwepa, akikwambia risiti ya jina haihitajiki, tuaminiane tu, rudisha hela yako mfukoni na uondoke. Usimpigie kelele, bado hajakuuzia kitu. Akiandika na ikaja kuonekana si kweli, hapo una karatasi yenye jina lake na uongo wake, na hakuna atakayekuuliza kama unalijua neno.

Fundi, mwandikie huyo mama anayekusubiri hapo risiti ya kioo cha simu alichonunua. Andika ni kopi.